Uliza Kilichoepuliwa Sasa Hivi: Mlo wa Mchana Nyantakara na Njia ya Rusumo

Fika Nyantakara, wilayani Biharamulo, saa nane na nusu mchana, agiza ndizi, na huenda ukajibiwa: "Zimeisha, baba. Umebaki wali." Usinune. Mgahawa ulioishiwa chakula saa hiyo mara nyingi ndio mgahawa mzuri. Mama lishe amepika kwa kadiri ya watu anaowatarajia, watu wamekula, na sasa anasugua masufuria. Mgahawa wa kuutilia shaka ni ule ambao saa kumi jioni bado una kila kitu kilichoandikwa ukutani.

Watu wengi wanaopita kona hii ya Kagera, kati ya Biharamulo na Ngara, wanakula vibaya bila sababu. Wanateremka kwenye basi Nyakanazi au Lusahunga, wananunua chipsi zilizopoa na soda, wanarudi kwenye viti vyao, kisha wanakwenda kusimulia kwamba huku hakuna chakula. Chakula kipo, tena kizuri. Kinachotakiwa ni kuijua saa yake, kujua cha kuuliza, na kumheshimu aliyekipika.

Tuanze na saa. Maharage ya mgahawa huinjikwa alfajiri. Wapishi wengine huyaloweka tangu usiku ili yasile mkaa mwingi. Wakati wateja wa asubuhi wanakunywa chai na supu, maharage yako jikoni yanatokota. Nyama hufuata ikishatoka buchani, wali huinjikwa kwenye saa nne au saa tano, na ugali na mboga za majani huja mwisho kabisa kwa sababu havipendi kusubiri. Ukihesabu hivyo utaona mwenyewe kwamba saa ya kukaa mezani ni kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu. Ukiwahi mno utatafuna nyama ambayo haijalainika. Ukichelewa, unakula kilichobaki. Na kama unatoka Kigali au Kirehe, kumbuka kwamba saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Utavuka ukijua ni saa saba, kumbe huku ni saa nane na masufuria yanaoshwa.

Saa haihusu ladha peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kinachosubiri walaji kikiwa cha moto kiwe juu ya nyuzi 60. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi. Wapo bakteria ambao mbegu zao hustahimili mapishi, na wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu hutengeneza humo sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo wali ulio kwenye sufuria yake, juu ya makaa, ukitoa mvuke mfuniko unapofunuliwa, kula kwa amani. Wali uliohamishiwa kwenye beseni la plastiki na kufunikwa kitambaa, uache, hata kama mchuzi unaomwagiwa juu yake unachemka.

Sasa namna ya kuuliza. Ukutani pengine kuna orodha iliyopakwa rangi: kuku, samaki, pilau, mchemsho, ndizi, makange. Orodha hiyo inaeleza mama anaweza kupika nini, haielezi amepika nini leo. Salimu kwanza. Kama amekuzidi umri, shikamoo. Kama ni wa rika lako, "habari za kazi, dada" inatosha. Kisha uliza, "Leo kimeiva nini?" Akishakutajia, ongeza swali la pili, ambalo ndilo lenye faida: "Kipi umekiepua sasa hivi?" Mpishi akiulizwa hivyo kwa kawaida husema kweli, kwa kuwa swali lenyewe linaonyesha unaijua kazi ya jikoni. Nimesikia mara nyingi jibu likigeuka pale pale: mhudumu ametaja kuku, na mama kutoka jikoni anaingilia, "Mpe samaki, huyo kuku ni wa asubuhi." Uliza na bei kabla hujakaa, na uliza kama ndani ya bei hiyo kuna maharage na mboga au ni wali na nyama tu. Hakuna atakayeona vibaya. Anayekwaza watu ni yule anayemaliza sahani ndipo aanze kubishana mlangoni.

Kuhusu kuchagua mgahawa, wasafiri hupeana ushauri mmoja: fuata malori. Ushauri huo una ukweli nusu. Barabara hii ya Kahama, Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura hadi Benaco na mpaka wa Rusumo hubeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na dereva wa lori husimama penye uwanja wa kuegesha, mlinzi na bafu. Chakula ni sababu ya nne. Mimi hutazama watu ambao hawako safarini: walimu, wauguzi wa zahanati, bodaboda wa kijiwe cha jirani, fundi pikipiki mwenye mikono ya oili. Hao wanakula hapo kila siku kwa fedha yao, na wakiumwa tumbo mama atasikia kabla jua halijazama. Dereva wa masafa akiumwa, ataumwa akiwa Kigali au Bujumbura, na mgahawa hautajua kamwe.

Kuna njia nyingine ya kupima, nayo haimuudhi mtu: omba kwenda kunawa uani. Utaona vyombo vinaoshwa wapi. Mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia, na sahani zimepangwa juu ya kichanja zikauke, ni habari njema. Beseni moja lenye maji ya kijivu ni sababu ya kushukuru, kunywa chai ya rangi, na kuondoka kwa adabu. Siku ya gulio usihangaike na haya yote. Siku hiyo chakula kiko sokoni, nyama inachomwa mbele ya macho yako, na unachagua kipande kikiwa bado kibichi.

Uko Kagera, kwa hiyo kipo chakula ambacho ningekusihi ule kabla ya kingine chochote, nacho ni ndizi. Usiwaze zile ndizi nyama za Moshi zenye mchuzi mwingi. Huku ndizi mbichi zilizomenywa hupikwa pamoja na maharage, mara nyingi zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba, moto ukiwa wa taratibu, mpaka ndizi zinalainika na maharage yanashikana nazo. Maharage hayo yenyewe mara nyingi yamelimwa chini ya migomba ile ile, kwenye kibanja kimoja na mibuni. Sahani ya namna hii haihitaji nyama. Ukiwekewa pembeni mchicha au mnafu na pilipili kichaa mbili, umekula mlo ambao watu wa mkoa huu wameutegemea vizazi na vizazi.

Ukiambiwa leo ndizi hakuna, au ukiona sahani ni ndogo kuliko ulivyozoea, usimlaumu mama. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uligunduliwa kwenye migomba ya Muleba, na ugonjwa huo ukasambaa mkoani na kuharibu mashamba mengi. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na panga lililokata mgomba mgonjwa huupeleka kwa mzima. Mkulima hana dawa ya kunyunyizia. Anachoweza ni kukata ua dume mapema kwa mti wenye panda, kuchoma panga lake kwenye moto au kulisafisha kwa dawa ya madoa kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kuuondoa ulioambukizwa. Mkungu unaofika mgahawani umepitia uangalizi wote huo. Kwa hiyo usiache ndizi nusu sahani. Kama hula sana, sema mapema upunguziwe.

Baada ya ndizi, samaki. Nyakanazi ni njia panda ya maziwa mawili, na wasafiri wengi hupita hapo bila kujua bahati waliyo nayo. Kwa barabara ya Kibondo na Kakonko huja migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika, pamoja na mawese ya Kigoma. Kwa upande wa Chato na Biharamulo huja sato, sangara na dagaa wa Ziwa Victoria. Uliza samaki ametoka upande gani. Dagaa wa Victoria mara nyingi huanikwa chini ufukweni, hivyo huja na mchanga. Mpishi makini huwatoa vichwa na kuwaosha kwa maji ya moto zaidi ya mara moja. Onja mmoja kabla hujamwagiwa sahani nzima. Ukisikia mchanga kwenye meno, omba mboga nyingine.

Sangara ana hadithi yake. Alipandikizwa Ziwa Victoria katika karne iliyopita, akala samaki wengi wa asili, kisha minofu yake ikawa biashara ya viwanda na kusafirishwa hadi Ulaya. Vichwa na mifupa, yaani mapanki, vilibaki kwenye masoko yetu, na wapo wanaoviona kama chakula cha unyonge. Sikubaliani nao hata kidogo. Kichwa cha sangara kilichochemshwa kwa nyanya, kitunguu, tangawizi na ndimu kina nyama laini na ladha kuliko mnofu mweupe unaouzwa ghali hotelini. Kwa ujumla, kama una shaka na samaki, agiza mchemsho badala ya wa kukaanga. Mafuta na viungo huficha mengi. Kwenye maji ya chumvi na ndimu, samaki aliyelala siku mbili hujitaja mwenyewe kwa harufu.

Wenye njaa ya kazi watafute ugali wa muhogo kwa kisamvu. Wenyeji, Wahangaza na Washubi, wanaujua mlo huu kama wanavyoujua majirani wa Burundi na Rwanda. Majani hutwangwa, huchemshwa kwa muda mrefu, na mara nyingi hukamilishwa kwa mawese au karanga. Usiombe kisamvu kiharakishwe. Majani ya muhogo yana sumu ya asili inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha vya kutosha, na ndiyo maana mpishi mzoefu hukataa kukupa kabla ya wakati. Wasukuma, ambao ni wengi sasa katika Biharamulo, wao wataupenda zaidi ugali wa mahindi kwa mlenda au maziwa mgando, na migahawa mingi inayo yote mawili.

Kwa nyama, ya mbuzi na ya ng'ombe zinapatikana. Kama wewe ni Mwislamu, uliza nani amechinja. Utajibiwa bila kinyongo. Lakini akitokea mtu kukunong'oneza kwamba ana nyamapori, kavu au mbichi, kataa papo hapo. Uko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Nyamapori halali Tanzania huuzwa kwenye bucha zenye leseni, na nyama ya kificho itakufikisha mahakamani wewe pamoja na aliyekuuzia. Tena haijapita kwa mkaguzi wa afya hata mmoja.

Kuhusu chipsi mayai sina ugomvi nazo, ila zinapatikana kila mahali kuanzia Kariakoo. Huna haja ya kusafiri hadi huku kuzila. Tambi nazo wengi wetu tunazijua kwa sukari na iliki, zaidi wakati wa kufuturu. Waitaliano wenyewe, wenye tambi zao, walipita huku: Benaco, pale mbele ya Nyakahura, ilipata jina lake kwa kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, kabla dunia haijalisikia jina hilo mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda karibu robo milioni walipovuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kupiga kambi hapo. Barabara walituachia, mapishi yao hayakukaa. Hata hivyo mgahawa wa mtaani wa Kiitaliano na huu wa mama lishe ina jambo moja linalofanana: kule nako anayekula vizuri mchana, kwa bei ya wastani, ni yule anayeuliza chakula cha siku na kukikubali.

Ndoo yenye koki utakayoiona mlangoni itumie, kwa sabuni, kila mara. Januari 2025 virusi vya Marburg vilithibitishwa katika wilaya hii ya Biharamulo. Watu walikufa, na mlipuko ukatangazwa kumalizika Machi 13. Ugonjwa huo huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au vitu vilivyochafuliwa nayo. Mikono safi huzuia pia kipindupindu na homa ya matumbo, ambavyo ndivyo vinavyotutesa mara kwa mara. Kama maji yameisha kwenye ndoo, mwambie mhudumu ajaze kabla hujala. Usione haya, unawasaidia na watakaofuata. Maji ya kunywa yawe ya chupa ambayo kifuniko chake unakivunja mwenyewe, ama kunywa chai. Kachumbari ni nzuri, lakini ni mbichi. Mimi huila pale ninapoona inakatwa mbele yangu kwa nyanya zilizooshwa.

Mezani utakaa na watu usiowajua, benchi moja. Anayeingia ukiwa unakula mkaribishe: "Karibu chakula." Atakujibu "Asante, starehe" na ataagiza chake, lakini umefungua mazungumzo, na kwenye mazungumzo hayo utajua barabara ikoje mbele, basi gani limeharibika, mahindi yanauzwaje wiki hii. Kula kwa mkono wa kulia. Ukitaka mchuzi wa ziada, omba. Migahawa mingi huongeza bila malipo. Nyama ya ziada ni suala jingine, hiyo ina bei yake.

Hapo kwenye malipo naomba uwe makini zaidi kuliko mahali pengine pote. Mama lishe ananunua mkaa, mchele, mafuta na nyanya kila asubuhi kwa fedha aliyoipata jana. Hana ghala. Noti ya elfu kumi kwa chai na chapati saa moja asubuhi inamlazimu kutembea duka hadi duka kutafuta chenji huku chungu kikiungua, kwa hiyo beba noti ndogo, au lipa kwa simu na uongeze ile ada ya kutolea. Kwa mtumishi mgeni aliyehamishiwa hapa, mwalimu au muuguzi, mama atakufungulia ukurasa kwenye daftari ule hadi mshahara utoke. Ni wema mkubwa. Lakini deni la watu watano likichelewa wiki mbili, sufuria ya nyama inapungua, wateja wa taslimu wanahama, na mama anakimbilia mikopo ya kausha damu ambayo riba yake humfilisi. Nimeona migahawa mizuri ikifungwa kwa njia hiyo, na wadaiwa wakalalamika kwamba hawana tena pa kula. Lipa siku ya mshahara, kabla ya kulipa kingine. Na kama unafanya kazi halmashauri, mweleze mama kwa lugha nyepesi kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, ambayo asilimia nne yake ni ya vikundi vya wanawake. Msaidie hata kuandika barua ya kikundi. Wengi wanaostahili hawajui waanzie ofisi ipi.

Kama safari inaendelea na unataka kubeba chakula, njoo na chombo chako. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na Rwanda ilitangulia mwaka 2008 na inasimamia jambo hilo kwa ukali. Kwenye kituo cha pamoja cha Rusumo mfuko wako utachukuliwa na chakula utabaki nacho mkononi. Hotipoti ndogo yenye mfuniko unaobana inatosha. Mwambie mama akuwekee ndizi na maharage yaliyokauka, bila mchuzi, zikiwa zimetoka jikoni wakati huo huo. Wali na samaki wa mchuzi usibebe, kwa sababu foleni ya forodha haina saa maalumu. Ndizi hizo uzile kabla ya saa mbili kupita, hata kama bado uko kwenye foleni upande wa Tanzania, na mwenzako wa kiti cha pili mkaribishe.